Macho Huwekwa Mwisho

Askari wa zamu alikuwa na tabia ya kuonja. Tena si kuonja kwa ncha ya kidole. Alikata bonge la bugali la kumshibisha mwenyewe, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akatafuna huku amemkazia Eulalie macho, ndipo akasukuma sahani ndani kupitia tundu la mlango wa bati. Kilichobaki kilikuwa cha mfungwa. Asubuhi hiyo, siku ya kumi na tisa ya kifungo, mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na wanawake wa foleni ya cachot, jela ya kambi, walikuwa wamejifunika majani ya migomba vichwani. Hakuna aliyenung'unika. Anayenung'unika, sahani yake huonjwa mpaka chini.

Eulalie alingoja sahani irudi. Tangu wamchukue mume wake hajawahi kuruhusiwa kumwona hata kisigino. Alichoruhusiwa kukiona ni lile jani alilofungia chakula. Marcellin alikuwa na namna yake ya kulikunja jani akimaliza kula: mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana, halafu analifunga kwa uzi wa jani lenyewe, fundo dogo, upande wa kushoto. Miaka ishirini na miwili ya ndoa Eulalie alikuwa akimchokoza. Jani linaenda jalalani, wewe unalifunga kama sadaka ya padri? Marcellin alifunga tu. Sasa fundo hilo ndilo lilikuwa barua yake.

Sahani ikarudi. Jani limekunjwa, fundo lipo.

"Angali anakula," askari akasema, akijifuta mdomo. "Furahi, maman. Bengine humu habaombi tena chakula."

Kosa la Marcellin lilikuwa kushika funguo. Kwa miaka kumi na minne alitunza ghala la duka la nguo la Wahindi pale Nyawera, mjini Bukavu. Serikali ilipotangaza kwamba maduka ya wageni sasa ni ya wana wa nchi, watu walipiga makofi, na Marcellin naye akapiga. Kwani mwana wa nchi si yeye? Baada ya wiki tatu mwana wa nchi akafika na karatasi yenye mhuri. Alikuwa Citoyen Murhula, mtu wa Chama, ndani ya abacost, ile suti ya Chama isiyo na tai, ya rangi ya majivu. Eulalie alimjua zamani akiitwa Léopold, akibeba chetezo misheni, lakini majina ya kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku na aliyetaka kuishi vizuri alijifunza kusahau. Wakahesabu mali. Mabunda saba ya vitenge hayakuonekana. Nyawera nzima ilijua yalitokea mlango gani, kwa kuwa Jumapili iliyofuata mke wa Murhula na dada zake watatu walikwenda misa wamevaa sare ya vitenge hivyohivyo. Lakini funguo zilikuwa kwa Marcellin. Walimchukua mchana kweupe, katikati ya wateja, na kosa likaandikwa: kuhujumu uchumi wa taifa.

Siku hiyo ya kumi na tisa, Eulalie alipotoka kambini, alikuta ujumbe kwamba Murhula anamtaka dukani.

Alimkuta ameketi kwenye kiti cha mwenye duka, kiti ambacho Mhindi mwenyewe hakukikalia sana kwa sababu ya kazi. Nusu ya rafu zilikuwa tupu. Murhula hakumkaribisha. Aliinuka, akamwongoza mpaka chumba cha nyuma, akasukuma mlango kwa mguu. Harufu ikamjia Eulalie puani, harufu ya gundi ya mti, unga uliochemshwa na mawe yaliyosagwa, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo haikutokana na Marcellin.

Chumba hicho kilikuwa cha Muzee Bhuralal, baba wa mwenye duka. Alimfuata mwanawe Bukavu uzeeni na kasha moja la rangi. Kwao, nchi ya mchanga inayoitwa Mewar, ukoo wao ulichora nguo ndefu kuliko nyumba, na ndani yake maisha yote ya shujaa mmoja: farasi wake, ndugu zake, ng'ombe aliowaokoa, siku aliyouawa. Waimbaji huibeba nguo hiyo kijiji kwa kijiji, wakaitandaza, wakawasha taa na kuiimba. Eulalie aliingia katika nyumba ile kufua. Akaishia kusaga mawe ya rangi, kwa kuwa mkwe wa Muzee hakutaka uchafu chini ya kucha zake. Sheria ya ukoo ilikataza kumfundisha binti, maana binti ataolewa na siri itahamia nyumba nyingine.

"Weye, Elali, umekwisha kuolewa," Muzee alimwambia siku moja. "Siri itaenda wapi? Itaenda Kadutu kwako?" Akacheka mpaka akakohoa, akampa brashi.

Ikawa miaka kumi na mmoja. Muzee alipenda kuongea wakati wa kusaga. Alisema hakuna uchoraji wa Kihindi, kuna wa mahali na mahali, na mtu akikwambia vingine, mfukuze. Kule Mithila wanawake huchora ukuta wasiache hata pa kuweka kidole, kwani nafasi tupu, alisema, hualika kitu. Wawarli wana unga wa mchele na ukuta wa udongo basi, na kwa weupe huo mmoja wanachezesha harusi nzima. Nathdwara ni ng'ombe na mayungiyungi nyuma ya mungu wao. Milimani Kangra watu wana brashi ya nywele chache za kindi, na wanaweza kumaliza mwezi mzima juu ya msichana anayengoja mvua. Eulalie alizishika habari hizo kama mtu anavyoshika majina ya vijiji vya wakwe.

"Na kwenu, Muzee?"

"Kwetu," Muzee alijibu, "macho huwekwa mwisho."

Rangi ya ngozi kwanza, halafu njano, kijani, buluu, nyekundu. Nyeusi ya kuzungushia ni ya mwisho kabisa, na baada ya mwisho ni macho ya yule mkubwa, yanayowekwa mbele ya mtu atakayeichukua nguo. Kabla ya macho ni kitambaa. Baada ya macho ni mtu: anataka taa, anataka kuimbiwa. Akichakaa hatupwi. Anapelekwa majini kwa wimbo, anapozwa, ndiyo maziko yake. Mwezi wa pili, siku Wahindi walipoondoka na sanduku moja kila mmoja, Muzee alisimama kwenye ngazi ya duka akamshika Eulalie mkono kwa vidole vyake vyenye madoa.

"Elali. Usifungue macho ya kitu, kama hauwezi kukilisha."

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyakumbuka wakati Murhula anapiga teke makopo ya rangi kuona kama yana kitu.

"Muhindi alikufundisha ujinga wake, hapana?"

"Alinifundisha kazi, Citoyen."

"Basi ile kazi, Chama inaitaka. Tarehe makumi mbili ya mwezi wa tano ni sikukuu. Nataka maisha ya Guide, Président wetu, yote, juu ya nguo ya metre kumi. Itatundikwa nyuma ya tribune, pale bakubwa banaketi. Kinshasa banatutumiaka mapicha ya karatasi. Siye tutakuwa na yetu, authentique, ya asili ya kwetu."

"Authentique ya Muhindi?" Maneno yalimponyoka.

Murhula hakucheka. "Bwana yako iko fasi gani?"

"Citoyen anajua."

"Niko najua. Commissaire ni rafiki yangu. Nguo ikipendeza, ile tarehe Marcellin anakula kwako. Isipopendeza..." Akaangalia kucha zake. "Siko mulango ya cachot, maman. Miye ni funguo."

Eulalie alijua mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu kabisa, ila kwa jambo moja.

"Kuna sharti ya kazi," akasema. "Macho ni ya mwisho. Natia mbele ya mwenye nguo. Nitatia Marcellin akisimama hapa, kando yangu."

"Unanifanyia bei?"

"Njo kazi inavyotaka."

Murhula akaguna na kukubali. Hakuona kama kuna kitu anachotoa. Na hapo ndipo Eulalie alipokosea. Alidhani mtu yeyote akikaa chumba kimoja na uso usio na macho ataogopa kama anavyoogopa yeye, na mwenye kuogopa hufanya haraka.

Akaanza kazi. Alichemsha unga, akaupaka juu ya amerikani, akaianika, akaisugua kwa jiwe mpaka ikateleza. Asubuhi anapeleka chakula kambini na kusoma fundo, kisha anakuja Nyawera kuchora mpaka jua linapotua. Alichora mto, mama mjane, shule ya jeshi, mwenge wa Chama, kaunda na chui. Katikati akamweka Guide, mrefu kushinda wanaume wawili, na kofia yake na fimbo yake. Kwa Muzee Bhuralal watu wa kwenye nguo hutazamana wao kwa wao, kama ilivyo duniani. Murhula alikataa.

"Guide haangalie kando. Anaangalia batu. Wote."

Akamgeuza kutazama mbele. Pembeni, pale nafasi ilipobaki, mkono wake ukafuata desturi ya wanawake wa Mithila ukajaza. Alichora bila kufikiri sana: wanawake kumi na wawili wamesimama kwenye mstari, majani ya migomba vichwani, sahani mikononi.

"Hawa banafanya nini?" Murhula akauliza.

"Banangoja."

"Guide hangojewi mu mvua. Funika."

Eulalie akapaka kijani juu yao, ukawa mgomba mmoja mkubwa. Wanawake wakabaki chini ya mgomba. Yeye peke yake alijua wapo, na siku nyingine alijikuta akiusalimia mti.

Wiki ya nne uso ulikuwa tayari. Mashavu yalikuwepo, pua, midomo iliyofungwa, na mahali pa macho palikuwa na mianya miwili myeupe ya amerikani, yenye umbo la mbegu za maboga. Kuanzia hapo chumba kilibadilika. Eulalie alichora akiwa ameupa uso mgongo, akahisi unasikiliza. Upepo ukipenya chini ya mlango nguo ilijaa ikashuka, ikajaa ikashuka, na alizuia pumzi yake mwenyewe ili wasipumue pamoja. Aliweka kitambaa juu ya mianya ile. Kesho yake kitambaa kilikuwa chini. Panya, akajiambia. Akakirudisha na kukibandika kwa gundi, na asubuhi kilikuwa chini tena. Hakumwambia mtu. Kadutu kuna maneno ya kutosha.

"Macho lini?" Murhula aliuliza kila alipopita, bila kuvuka kizingiti.

"Marcellin lini?"

"Nimekwisha kusema na Commissaire."

"Basi macho iko tayari nayo."

Murhula aliondoka akikaza vishikizo vya abacost. Eulalie alifurahi kidogo kwa siri, furaha ya mnyonge aliyepata kamba ya kushika. Fundo la jani lilikuwa linarudi kila siku. Alihesabu zimebaki siku nne, zikabaki tatu.

Tarehe kumi na nane asubuhi, lori la Chama likasimama mbele ya duka. Wakashuka wanaume sita, mmoja ana filimbi shingoni. Murhula hakuwemo.

"Tunakamata nguo. Leo ni mazoezi."

"Haijaisha."

Mwenye filimbi akaichungulia. "Tunaona imeisha."

"Macho haiko, papa. Ngojeni Citoyen Murhula akuye, yeye anajua."

"Utatia kesho."

Wakaikunja. Aliwaambia haikunjwi, inaviringishwa, inavunjika rangi. Waliikunja na kuikanyaga ili itoshe, wakaitupa juu ya bendera. Eulalie alinyakua kopo la wino na brashi akakimbia nyuma ya lori kwa miguu, akipanda kilima huku kikwembe kinamfunguka kiunoni.

Aliposikia ngoma alijua amechelewa. Uwanjani vikundi vya animation, ngoma za kumsifu Guide, vilikuwa vinacheza, mamia ya watu, karani, mwalimu, muuguzi, kila mtu kwa amri ya ofisi yake. Juu ya tribune wanaume walivuta kamba. Nguo ikafunguka kutoka juu kwenda chini, na uso ulipofika mahali pake ngoma zikaanza kukatika, moja, nyingine, mpaka ya mwisho. Guide alikuwa amesimama mbele ya Bukavu yote, hana macho. Upepo wa ziwa ukaingia nyuma ya nguo, kifua chake kikavimba. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba kisha akaushika mkono wake haraka.

"Nani asali oyo?" kapteni mmoja wa kambi, aliyesimamia mazoezi, akauliza kwa Lingala, taratibu. Halafu kwa Kiswahili: "Nauliza, nani amemupofusha Guide?"

Gari likasimama, Murhula akashuka mbio, jasho limemtoka hadi kwenye kola.

"Ni huyu mwanamuke, mon capitaine. Bwana yake ni saboteur, iko cachot. Miye nilimuhurumia, nikamupa kazi. Angalia namna analipa."

Eulalie alimwona midomo ikitetemeka akaelewa kwamba funguo nazo zina anayezishika. Alisogea mbele na kopo lake.

"Papa, njo kazi yenyewe. Macho ni ya mwisho. Yanatiwa mbele ya mwenye nguo. Na Citoyen alisema bwana yangu atakuwa hapa."

"Mwenye nguo ni nani?" kapteni akauliza.

Eulalie akamtazama Murhula, akaitazama nguo. Watu wote wa uwanjani walikuwa wanamtazama yeye.

"Panda utie," kapteni akasema.

"Bwana yangu aletwe mbele." Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilimtoka.

Kapteni akamkaribia. Hakukasirika. Alikuwa karibu kumhurumia, na hilo lilimtisha Eulalie kuliko bunduki.

"Bwana yako jina yake nani?"

"Marcellin."

"Zaïre haina tena mutu anaitwa Marcellin. Panda, maman. Ukimaliza tutaona."

Akapanda ngazi. Walimpa picha ya karatasi ya kufuatisha, akaiweka mfukoni mwa blauzi, kwa kuwa mikono ilikuwa miwili tu na mmoja ulikuwa unashika ngazi isimtupe. Wino ulikuwa wa masizi na gundi, ule wa Muzee, usiotoka kwa maji. Mbele yake mianya miwili ilikuwa mikubwa kama mikate. Alisikia pumzi ya nguo usoni. Hakuwaza, aliogopa tu, na mkono ulioogopa ukaenda njia unayoijua. Ukazungusha jicho la kulia. Ukazungusha la kushoto, ukateremsha kope yake kidogo, ukaiacha imelegea. Ukaweka mboni, ya kulia kisha ya kushoto.

Aliposhuka na kuinua kichwa, akaona amemchora nani. Kope ya kushoto ya Marcellin iliumwa na nyuki Luhwindja, mwaka aliokwenda kuposa. Haikuwahi kuinuka tena sawasawa. Kwa miaka ishirini na miwili Eulalie aliamka mbele ya kope hiyo, na sasa ilikuwa juu ya tribune, chini ya kofia ya chui, inamtazama yeye na watu wote.

"Voilà," kapteni akasema. "Sasa anatuona."

Ngoma zikarudi. Siku ya pili na ya tatu watu walicheza mbele ya nguo ile mpaka vumbi likafika magotini. Waliimba, walinyosha mikono, waliwasha mienge. Hakuna nguo ya Mewar iliyowahi kulishwa namna hiyo. Tarehe ishirini Eulalie alikuja na shati safi la Marcellin, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya kikwembe. Alisimama na Clémence, jirani yake wa Kadutu, ambaye kaka yake naye alikuwa katika cachot ileile. Clémence aliitazama nguo, akaziba mdomo.

"Eulalie. Huyu njo Marcellin."

"Nyamaza."

"Lakini huyu..."

"Nakuomba, dada. Nyamaza."

Hotuba zikaisha, watu wakatawanyika. Shati likarudi nyumbani lilivyotoka.

Kesho yake askari alionja, akasukuma sahani, sahani ikarudi tupu. Jani lilikuwa limetupiwa humo, limefinyangwa. Eulalie aliligeuza huku na huku, akalinyosha juu ya goti.

"Hakulikunja," akasema.

"Amekula. Unataka nini tena? Afue masahani?"

Siku iliyofuata vilevile. Alileta chakula siku tisa mfululizo, chakula kizuri, mara moja hata nyama, na sahani ilirudi imelambwa na jani limefinyangwa. Siku ya kumi aliomba watazame kitabu. Askari mwingine akapitisha kidole.

"Marcellin hakuna. Lete jina authentique."

"Cirhuza."

"Ba-Cirhuza ni watatu. Wote balihamishwa."

"Balipelekwa wapi?"

"Kuhamishwa ni kuhamishwa, maman. Anayefuata."

Alikwenda ofisi ya zone, ya serikali ya wilaya. Karani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa kiti. Alimweleza kwa subira kwamba mtu akihamishwa ni kazi ya kambi, akifa ni kazi ya ofisi. Alete mukanda wa kifo, cheti chenye mhuri, ofisi itatafuta mwili. Mukanda unatoka wapi? Kambini. Kambini wakasema mtu ambaye hakuwahi kuingia hawezi kufa kwao. Akarudi kwa karani, na karani akampa kiti tena. Hivyo ndivyo mwaka ulivyopita.

Murhula naye alimaliza. Alikula vitenge, akala uzi na vishikizo, mwisho akauza rafu zenyewe, akafunga duka, akaenda kutafuta bahati nyingine kwenye dhahabu ya Luhwindja. Nguo ya sikukuu ilitoka pamoja na rafu. Eulalie aliikuta sokoni Nyawera juu ya magunia ya chumvi ya maman Adélaïde, imefungwa kamba nne, uso juu. Masika yalikuwa yameanza. Marcellin alikuwa amelala chali, mvua inampiga machoni, na macho hayakufumba.

Akawa anakwenda kila siku kununua chumvi ya kijiko, mpaka chumvi ikajaa nyumbani kusikokuwa na mboga. Rangi zilikuwa zinaondoka. Nyekundu ya bendera ilitiririka mpaka kwenye miguu ya wateja. Kijani kilitoka kidogo kidogo, na siku moja pale penye mgomba akaona sahani, halafu mkono, halafu mwanamke na jani kichwani. Baada ya wiki wote kumi na wawili walikuwa wamerudi kwenye mstari wao. Kofia ilififia, fimbo ikafutika. Uso ulibaki doa. Macho tu, wino wa masizi, yalibaki vilevile.

"Unaangaliaka nini kila siku?" maman Adélaïde akamuuliza. "Hii turubai inavuja. Tena inaniangalia vibaya, wateja banalalamika. Nipe kikwembe yako, uikamate."

Kilikuwa kikwembe cha harusi. Eulalie alikivua pale pale, akabaki na cha ndani, akaiviringisha nguo kama inavyotakiwa, akaibeba kichwani.

Asubuhi iliyofuata aliteremka Nguba, penye njia nyembamba kati ya kuta mbili za majumba ya wakubwa, mpaka ziwani. Alikuwa na taa ndogo ya mafuta na ndizi tatu mbivu, kwani Muzee alisema kitu kitamu hakikosi. Alijua alichokuja kufanya. Aliyechakaa hatupwi, anapozwa. Lakini anayepozwa ni aliyekufa, na hakuna ofisi Bukavu iliyomwambia kwamba Marcellin amekufa. Hakuna iliyomwambia kwamba yu hai pia. Wangeandika neno moja, lolote lile, angelijua la kufanya na mikono yake.

Aliingia majini hadi kiunoni. Akatafuta wimbo. Ule wa Muzee hakuwahi kuujua, wa kanisani haukumjia, na kilichompanda kooni kilikuwa kile cha animation, cha kuinua mikono na kusifu. Alikiimba hicho, polepole, kwa kuwa hakuwa na kingine, na machozi yakamtoka kwa hasira. Akaanza kushusha nguo. Mto ukaingia majini, shule ya jeshi ikaingia, mwenge ukaingia. Wanawake kumi na wawili wakaingia mmoja mmoja na sahani zao. Maji yakawa na rangi ya udongo, kisha yakawa safi.

"Maman!" Mlinzi wa jumba lililo karibu alikuwa amesimama ukutani na fimbo. "Hapa haiko fasi ya kufulia. Maliza utoke."

"Namaliza, papa."

"Basi tosa yote. Juu ya nini umeshikilia ile kipande?"

Metre kumi za amerikani zilikuwa zimelowa na kuwa nzito, zinamvuta Eulalie kuelekea kilindini. Mkono wa kulia alikuwa ameuinua juu ya kichwa, na ndani yake kipande cha katikati ya nguo, kikavu, chenye macho mawili, la kushoto limelegea kope. Mlinzi alipiga kelele tena kwamba mwenye nyumba ataamka. Maji yalimfika kifuani. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi, akaubadilisha na wa kushoto.